Wagonjwa wa wodi ya akili kupoteza meno mapema: ni dawa, ni chai ya sukari, au ni mswaki?

#1 Zamu_ya_Usiku

Habari zenu wadau wa Kanda ya Ziwa. Nina hoja, naomba wanaojua waipige msasa.

Mgonjwa analazwa wodi ya akili akiwa na meno yake. Akirudi mara ya tatu au ya nne, ya mbele yamekatika usawa wa fizi. Na uozo wenyewe hauko pale tulipouzoea, kwenye mifereji ya magego. Uko shingoni mwa jino, pale linapokutana na fizi, na kwenye ncha za meno ya mbele ya chini. Kwa mtu mzima mwenye mate ya kutosha, meno hayo ya chini ndiyo huwa ya mwisho kuoza.

Ninavyosema mimi: ni dawa. Kloropromazini (wengi mnaijua kama Largactil), amitriptilini na Artane (ile ya kuzuia kukakamaa na kutetemeka) zinakausha mate, na jino lisilo na mate halina mlinzi. Mengine yote ni nyongeza. Karibuni.

#2 Igogo_Sokoni

Nakubali nusu. Hebu tuhesabu sukari. Kijiko cha chai kina gramu 4 hadi 5. Kikombe cha chai ya rangi wodini hakikosi vijiko 3, kwa hiyo gramu 12 hadi 15. Soda ya chupa ya mililita 350 anayoletewa na ndugu, nyingi zina zaidi ya gramu 35.

Ila kiasi si kitu sana, tazameni namna anavyoinywa. Mtu mwenye kinywa kikavu hanywi soda akaimaliza. Anapiga funda moja, anaiweka chini ya kitanda, baada ya robo saa funda jingine, hivyo hivyo mpaka jioni. Kila funda linaamsha asidi upya. Angeimaliza kwa dakika 5 baada ya ugali wake, jino lingeumia mara moja na si mara ishirini.

#3 Forsepu

Tabibu wa meno hapa. Nyote wawili mnaelezea ugonjwa mmoja kwa milango miwili. Bakteria wa kwenye ukoga wakipata sukari hutoa asidi ndani ya dakika chache. pH, kipimo cha asidi, ikishuka chini ya 5.5 hivi, jino linaanza kupoteza madini. Mwenye mate mengi hali inarudi sawa baada ya nusu saa, pengine saa nzima, kwa sababu mate yanaosha, yanazimua asidi na kurudisha kalsiamu na fosfati kwenye jino. Mtu mzima hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku, na akilala karibu yanasimama kabisa. Sasa mkaushie hayo mate, halafu mpe chai tamu saa 2 usiku alale nayo mdomoni.

Kupima kinywa kikavu hakuhitaji mashine. Chukua kile kioo kidogo cha meno, kiguse ndani ya shavu, ukivute taratibu. Kwenye kinywa chenye mate kinateleza. Kwenye kinywa kikavu kinanata na shavu linafuata kioo kama karatasi yenye gundi. Mwambie anyanyue ulimi: chini pale panatakiwa kuwe na kidimbwi. Ukikuta povu jeupe linalovutika kama uzi, au pakavu kabisa, na ulimi una mipasuko, jibu umeshalipata.

Ukitaka namba, mpe kikombe, akae ameinamisha kichwa, mate yadondoke yenyewe dakika 5 bila kutafuna wala kunyonya kitu. Acha povu litulie, vuta kwa sirinji, soma. Chini ya nusu mililita kwa dakika hizo 5 ni kinywa kikavu kweli. Kosa linalofanyika sana ni kumpima mtu dakika chache baada ya kula. Msubirishe saa moja.

#4 Famasia_Nyakato

Sista wa #1, marekebisho kidogo, maana umezifunga dawa zote kwenye furushi moja. Haloperidoli yenyewe inakausha kidogo. Kinachokausha ni ile Artane inayoandikwa ubavuni mwake ili mgonjwa asikakamae wala kutetemeka. Sindano ya flufenazini (Modecate), ile ya kila wiki 2 hadi 4, ni hivyo hivyo. Kloropromazini na amitriptilini, hapo upo sahihi, zinakausha zenyewe.

Klozapini inafanya kinyume. Mate yanafurika, mto unalowa usiku. Kisha inaongezwa dawa ya kukausha hayo mate, na tumerudi pale pale.

Swali langu kwa mnaoandika dawa: Artane ya huyu mgonjwa ilipitiwa lini? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema dawa za kundi hilo zisigawiwe kama kinga kwa kila anayemeza haloperidoli. Ni za muda mfupi, kwa aliyepata madhara makubwa. Wapo wanaoimeza miaka na cheti kinanakiliwa tu kila kliniki. Tahadhari: asiiache ghafla. Daktari aipunguze kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, akiangalia kama kukakamaa kunarudi.

Na kuna fenitoini, hamjaitaja. Kliniki zetu za akili ndizo zinazotibu kifafa pia. Fenitoini inanenepesha fizi, hasa za mbele, mpaka zinafunika nusu ya jino. Ukoga unajificha chini yake, fizi inavimba zaidi. Ukoga ukiondolewa vizuri kila siku, uvimbe huwa mdogo.

#5 Mvuvi_wa_Ukara

Mwadila wakuu. Mbona huku kwetu hata wasio wagonjwa wapo wenye meno ya kahawia yenye mabaka? Si maji tu haya? Au na wale wa wodini ni maji?

#6 Forsepu

@Mvuvi_wa_Ukara hapana, usichanganye mambo mawili. Mabaka ya kahawia ni ya floridi nyingi, na yanaingia jino likiwa bado linajengwa ndani ya taya, utotoni, mpaka miaka 8 hivi. Mtu mzima hawezi kuyapata kwa kulazwa. Halafu maji ya ziwa yana floridi kidogo. Penye nyingi ni baadhi ya visima vya Shinyanga, Singida, Arusha na Kilimanjaro, na pia magadi tunayopikia maharage na makande. Ukubwani jino la mabaka humeguka vipande likiwa na floridi nyingi mno, lakini uozo wa shingoni ni habari nyingine. Ukitaka kutofautisha, pitisha ncha ya kifaa taratibu: baka ni gumu na linateleza, uozo ni laini na unashika.

#7 Mama_Bwiru

Mnazungumza kemia, mimi nawaomba muitazame mikono.

Mtu mwenye skizofrenia ya muda mrefu anapoteza ile nguvu ya kuanza jambo. Anajua mswaki uko wapi, haufuati. Wauguzi wengine wanaandika "amegoma". Hajagoma, hawezi kuanza. Akishaanzishiwa, mara nyingi anaendelea mwenyewe. Kwa hiyo msimwambie "kapige mswaki" mkapita. Mpeleke bombani, mpe mswaki ukiwa tayari una dawa, mshike mkono uende mdomoni, uachie. Kesho yake acha hatua moja aifanye mwenyewe. Wiki ya pili acha mbili.

Na yule anayetetemeka au aliyekakamaa, mpini mwembamba unamtoka. Zungushia kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, sentimita 20 zinatosha, ubandike kwa gundi ngumu. Usifunge kwa kamba, kamba ndefu wodini hazitakiwi. Mpini ukinenepa kama wa kisu cha jikoni, anaushika.

#8 Igogo_Sokoni

Mama Bwiru, mpira wa baiskeli Mwanza haukosi, hapo umetupata 😄. Lakini mtu unamshika mkono asubuhi, na usiku analala na chai kinywani. Narudi kwenye sukari yangu.

#9 Zamu_ya_Usiku

Hilo la usiku ni ratiba. Chakula cha jioni mapema, saa 12. Dawa saa 2, na nyingi zinamezwa kwa chai tamu kwa sababu mgonjwa anazikataa kwa maji. Baada ya kloropromazini, dakika 40 au saa moja, mtu ameshalala. Ukimwamsha apige mswaki, anasinzia na povu mdomoni, na hapo kuna hatari ya kupaliwa.

Mpangilio unaofaa ni huu: chai na vitafunwa vyote viishe saa 1. Mswaki saa 1 na nusu. Dawa saa 2 kwa maji matupu, na baada ya hapo maji tu mpaka asubuhi. Anayekataa kwa maji, mpe kijiko cha uji usio na sukari. Ukiweza kulinda mswaki mmoja tu kwa siku, linda huo wa usiku.

Dawa ya meno iwe na floridi, angalau 1000 ppm, na bora inayokaribia 1500. Soma pembeni ya boksi. Kiasi cha punje ya njegere. Ateme, asisukutue kwa maji mengi, maana maji yanaondoa floridi yote uliyoiweka.

Miswaki ikae wima, vichwa juu, isigusane, mahali penye hewa. Ile ya kurundikwa kwenye ndoo moja ndiyo inayobadilishana damu ya fizi. Tubu ikae kwa muuguzi. Badilisha mswaki kila miezi 3, au nywele zikianza kulala pembeni, lolote litakalotangulia.

#10 Kijana_Mkolani

Shukrani kwa elimu. Kwa asiyeweza kabisa, anayepigishwa mswaki na mtu mwingine, unasimamaje? Na dawa za kusukutua je?

#11 Mama_Bwiru

Simama nyuma yake kidogo, upande wa kulia kama unatumia mkono wa kulia. Yeye akae kwenye kiti, kichwa kiegemee ubavuni mwako. Usisimame mbele ukimwinamia, mtu mwenye hofu anaona anavamiwa. Mwoneshe mswaki kwanza, agusishwe mkononi, kisha shavuni, ndipo mdomoni. Tumia mswaki laini wa kichwa kidogo, wa mtoto unafaa. Anza magego ya nje, nywele zielekee kwenye fizi kwa mshazari, miduara midogo. Ndani ya meno ya chini hufanywa mwisho, ndipo wengi wanapobanwa na kutapika.

Usiingize kidole katikati ya meno hata kama mnafahamiana miaka. Taya ikijifunga kwa mkazo wa dawa, kidole hakitoki.

#12 Famasia_Nyakato

@Kijana_Mkolani kusukutua: klorheksidini 0.2%, mililita 10, dakika moja, mara mbili kwa siku, kwa wiki mbili hivi wakati fizi zinavuja damu. Isiwe ya kudumu, inatia meno rangi ya kahawia na kuharibu ladha. Iachane na dawa ya meno kwa nusu saa, kwa sababu kiambato cha povu kinaipunguzia nguvu. Wodini nunua isiyo na pombe, maana yenye pombe itanywewa. Kwa asiyejua kutema, chovya mswaki humo, kamua, pakaza kwenye fizi.

Niongeze la maumivu, maana hapa watu wanaumizwa. Mgonjwa anayetumia litiamu (nayo ni dawa ya akili) asipewe ibuprofeni wala diklofenaki kwa jino, zinapandisha litiamu kwenye damu mpaka sumu: kutetemeka kwa nguvu, kutapika, kuyumba. Metronidazoli nayo inaweza kuipandisha. Parasetamoli ndiyo ya kuanzia. Anayetumia kabamazepini asipewe erithromaisini. Tramadoli pamoja na amitriptilini ni njia ya kuamsha degedege. Mwenye klozapini akija na vidonda vya mdomo na homa, usihangaike na jino kwanza, pima chembe nyeupe za damu siku hiyo hiyo.

#13 Hesabu_za_Kirumba

Niweke takwimu moja mezani. Mwaka 2015 Steve Kisely wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, na wenzake walikusanya tafiti nyingi za watu wenye magonjwa makali ya akili. Uwezekano wa kuwa kibogoyo kabisa ulikuwa mara 2.8 ukilinganisha na watu wengine. Ni namba nzito. Lakini haisemi chanzo. Ndani yake mna sigara, umaskini, dawa na kutofika kwa daktari, vyote kwenye chungu kimoja. Anayetaka kuitumia kumshinda mwenzake kwenye uzi huu, haitamsaidia.

#14 Nyegezi_Stendi

Kuna mtu mmoja hamjamgusa: anayeng'oa. Jino lililong'olewa halikupotezwa na Artane wala chai, lilipotezwa na forsepu, yaani koleo la kung'olea meno. Mgonjwa wa akili anafika kliniki ya meno mara moja, amesindikizwa, gari linasubiri, na kila mtu anataka amalizike. Kuziba kunataka kurudi mara ya pili. Kung'oa kunaisha leo. Na mara nyingi hata haulizwi. Kulazwa wodi ya akili hakumwondolei mtu uwezo wa kuamua kuhusu jino lake. Mweleze kwa sentensi fupi, muulize arudie kwa maneno yake. Akiweza kurudia na kuchagua, chaguo ni lake.

#15 Forsepu

@Nyegezi_Stendi limeniingia, na una haki. Lakini njia ya tatu ipo, na ilianzia hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980: kuziba kwa vifaa vya mkono bila mashine wala umeme, ART tunavyoiita. Unakwangua uozo laini kwa kijiko kidogo cha chuma, unajaza saruji ya glasi ayonoma. Hakuna kelele ya mashine, na mara nyingi hakuna sindano. Kwa mgonjwa anayesikia sauti, ile kelele peke yake inaweza kuharibu kazi yote.

Saruji ina haraka yake. Kijiko kimoja cha unga kwa tone moja la maji yake, changanya ndani ya nusu dakika. Ikiwa bado inang'aa, jaza. Ikishafifia hata kidogo, tupa uchanganye upya, haitashika. Bonyeza kwa kidole cha glavu chenye vaselini, shikilia mpaka igande, asile kwa saa moja. Kwa kinywa kikavu pakaza vaselini juu yake, na arudie kuipaka mwenyewe siku ya kwanza, la sivyo saruji inakauka na kupasuka. Hili ndilo linalofanya wengi waseme "ART haidumu".

Kama hata kukwangua hakuwezekani, kuna dawa ya majimaji yenye floridi na madini ya fedha, ya 38%. Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Kausha jino kwa pamba, paka vaselini midomoni na kwenye fizi, gusa uozo kwa tone moja kwa dakika moja. Uozo unakuwa mgumu na mweusi. Mwambie mgonjwa na ndugu kuhusu huo weusi KABLA. Asiyeambiwa anaweza kuamini kwamba kuna kitu kimepandikizwa kwenye jino lake, na hutamwona tena.

Ukilazimika kung'oa: lignokaini (dawa ya ganzi) yenye adrenalini kwa anayetumia amitriptilini isizidi vichupa 2, vuta sirinji kwanza kuhakikisha hujaingia mshipani. Anayetumia kloropromazini usimwinue kwenye kiti ghafla, presha inaanguka. Akae dakika 2 au 3, ndipo asimame. Mwenye valproeti, uliza kama anavuja damu au kuvilia kirahisi, na angalia chembe sahani, zile zinazogandisha damu.

#16 Zamu_ya_Usiku

Kuna jambo linaniuma kuliko yote. Jino linauma, mgonjwa hawezi kusema, na sisi tunaandika "ugonjwa umerudi". Anajipiga kichwa, halali, amekataa ugali lakini uji anakunywa, anatafuna upande mmoja, ameshika shavu, anasema kuna mtu anaongea ndani ya jino. Dozi inaongezwa. Mate yanakauka zaidi.

Kabla ya kuongeza dozi usiku: tochi, kijiti cha kushushia ulimi, angalia kila upande. Gonga jino kwa mpini wa kioo, polepole. Linalouma atakunja uso hata kama haongei. Na ukikuta uvimbe chini ya taya pande zote mbili, ulimi umeinuka, anashindwa kumeza na ana homa, usisubiri asubuhi. Njia ya hewa inaziba. Aende hospitali kubwa usiku huo huo, Bugando au Sekou Toure, na aende amekaa, asilazwe chali.

#17 Mvuvi_wa_Ukara

Wabeja sana dada. Hapo kwa visiwani "usisubiri asubuhi" ina maana ya boti na mafuta. Kwa hiyo huko kwetu kazi ni kuiona mapema.

#18 Hesabu_za_Kirumba

Na tumbaku? Sigara inaficha ugonjwa wa fizi kwa sababu fizi haivuji damu, inaonekana nzima huku mfupa chini unaliwa. Ugoro unaowekwa chini ya mdomo unakwangua fizi pale pale unapokaa. Ndugu wanaleta sigara kama zawadi ya kutembelea.

#19 Famasia_Nyakato

Kweli, na kuna upande wa pili. Moshi wa sigara unashusha klozapini na olanzapini kwenye damu. Akiacha ghafla wodini, dawa inapanda bila dozi kubadilika: usingizi mzito, mate mengi. Akiacha, daktari aambiwe.

Ndugu wanaotaka kuleta kitu: maji ya kunywa, karanga, sato wa kukaanga aliyetolewa miiba. Pipi, ubuyu wa rangi na miwa viachwe. Limau na ukwaju vinaamsha mate kweli, ila ni asidi, na kwa kinywa kisicho na mate vinalila jino moja kwa moja. Bazoka isiyo na sukari inasaidia, lakini si kwa anayesinzia.

#20 Nyegezi_Stendi

Na mswaki wa mti, wa mwarobaini? Wazee wengi wodini wanauomba.

#21 Forsepu

Apewe, kama anaujua. Kijiti cha unene wa kidole kidogo, urefu usiozidi sentimita 10, atafune ncha mpaka iwe nyuzi, kila siku akate ncha mpya. Nyuzi ngumu zinachubua fizi, kwa hiyo asugue kutoka kwenye fizi kuelekea kwenye jino. Hauna floridi, basi achovye kwenye dawa ya meno kidogo. Mpe wakati wa zamu, akirudishe akimaliza, kwa sababu kijiti kilichochongoka ni silaha.

#22 Kijana_Mkolani

Sista, moja la mwisho. Majina kwenye miswaki mnaandika na nini? Wino wa kalamu unafutika ndani ya wiki, halafu kila mtu anachukua wowote.

#23 Zamu_ya_Usiku

Pasha msumari moto, choma namba ya kitanda kwenye mpini kabla hujampa. Kwa asiyesoma namba, choma alama: duara, msalaba, samaki. Akihamishwa kitanda, mswaki unakwenda naye na namba yake ya zamani, usichome nyingine juu yake. Andika tu kwenye daftari la zamu.